Chipu Ikinyamaza, Isome Kabla ya Kuilaumu

Leo nina hoja moja tu, na nitaitaja mapema ili asiyependa habari za biti na pini aende zake kwa amani. Chipu ya sauti ya kidijitali inaponyamaza, au inapoanza kukwaruza na kukatakata, mara nyingi yenyewe inajua kilichoharibika. Imeshakiandika mahali. Inangoja tu mtu wa kuiuliza. Sisi hatuulizi. Tunazima na kuwasha, tunabadilisha spika, tunasakinisha mfumo upya, na mwisho tunamwambia mwenye kifaa anunue kingine. Nasema tabia hii ni mbaya, ina gharama, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi tunaoandika programu.

Mahali penyewe panaitwa rejista za hali. Rejista ni kisanduku kidogo ndani ya chipu, kwa kawaida cha biti nane, ambacho kompyuta hukisoma kupitia waya mbili za I2C. Rejista nyingine ni za amri: ongeza sauti, punguza, nyamaza. Za hali kazi yake ni kutoa ripoti. Kusoma moja hakumalizi sekunde, wala hakuhitaji kifaa cha kununua. Hata hivyo nimekutana na watu wenye miaka mingi kazini ambao hawajawahi kuzifungua hata siku moja, eti hayo ni mambo ya watu wa umeme. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, si uhandisi wa umeme, na nawahakikishia kwamba hayo ni mambo yetu.

Saa gani hiyo?

Tuelewane kwanza. Ninaposema saa sisemi ile ya ukutani. Nasema mapigo ya umeme, juu na chini, yanayoiambia chipu ni lini ichukue biti inayofuata. Mchezaji asiyesikia ngoma hawezi kucheza, hata awe hodari vipi. Chipu ya sauti nayo ni hivyo hivyo. Data inaweza kuwa safi kabisa, lakini mapigo yakikosekana au yakipotoka, hakuna sauti ya maana itakayotoka.

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa nambari zinazoitwa sampuli. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Sauti ya video kwa kawaida ina 48,000. Njia ya kawaida ya kuzisafirisha kutoka kompyuta hadi chipu inaitwa I2S, ambayo Philips walitoa maelezo yake mwaka 1986. Ina waya tatu za msingi. Moja hubeba data. Ya pili, BCK, hupiga mara moja kwa kila biti. Ya tatu, LRCK, hubadilika kuonyesha kama sampuli ni ya kushoto au ya kulia, na hivyo mzunguko wake mmoja ni fremu moja. Chipu nyingi huongeza ya nne, pigo kuu, linaloitwa SCK au MCLK kutegemea mtengenezaji.

Hesabu zake ni za shule ya msingi. Sauti ya 48,000 ikiwa na nafasi 32 za biti kwa kila upande, fremu moja ina biti 64. Zidisha: BCK lazima ipige mara 3,072,000 kwa sekunde. Kwa sauti ya CD ni 2,822,400. Pigo kuu likiwa mara 256 ya sampuli, utahitaji 12,288,000 kwa ukoo wa 48 na 11,289,600 kwa ukoo wa 44.1. Koo hizi mbili hazigawanyiki vizuri kutoka kristali moja, na ndiyo sababu kadi kama HiFiBerry DAC+ Pro ina mbili, ya 22.5792 MHz na ya 24.576 MHz.

Kumbuka basi kwamba chipu haihitaji tu mapigo yawepo. Inahitaji yakubaliane. BCK igawanyike kwa LRCK kwa nambari inayokubalika, pigo kuu nalo vivyo hivyo, na sakiti inayoitwa PLL, ambayo huzalisha mapigo ya kasi ya ndani kwa kufuata pigo la nje, iwe imelishika pigo hilo bila kuteleza. Chipu hukagua haya yote wakati wote. Ikiona hitilafu hujinyamazisha, na hufanya vyema, kwa sababu kelele inayotokana na mapigo mabovu inaweza kuumiza spika na masikio. Ukimya ule unaoulaani ni chipu kutimiza wajibu wake.

Mashahidi watatu

Kinachowatatiza wengi wanaojaribu kusoma rejista hizi ni kudhani kwamba zote zinaongea kwa namna moja. La hasha. Mimi huzigawa kama mashahidi watatu mahakamani.

Shahidi wa kwanza husema anachokiona sasa hivi. Chukua PCM5122 ya Texas Instruments, chipu ya kugeuza nambari kuwa sauti inayopatikana kwenye kadi nyingi za Raspberry Pi. Rejista yake ya 94, ukurasa wa 0, ina biti saba za ukaguzi wa mapigo. Biti ya 6 inasema kama pigo kuu lipo. Ya 5 ni ya PLL. Ya 4 inasema kama LRCK na BCK zimetoweka. Zinazobaki zinahusu uhalali wa uwiano, wa pigo kuu, wa BCK na wa kasi ya sampuli. Moja maana yake kuna tatizo, sifuri maana yake shwari. Lakini ni picha ya dakika hii. Waya ikikatika kwa nusu sekunde kisha ikaunga, ukisoma baadaye utakuta sifuri tupu.

Shahidi wa pili hukumbuka, ila husimulia mara moja tu kisha husahau. CS8416 ya Cirrus Logic, inayopokea sauti ya S/PDIF, ina rejista ya makosa 0x0C. Kosa likitokea, biti yake hupanda na kubaki juu hadi mtu aisome. Ikishasomwa hufutika, isipokuwa kama kosa bado lipo. Hapa pana mtego. Kama draiva yako tayari inaisoma kila sekunde, wewe ukija na terminali yako utakuta sifuri, kwa sababu habari imeshachukuliwa na mwingine. Tena chipu hiyo ina rejista ya kuchagua makosa gani yaripotiwe, na kosa lisilochaguliwa litasomeka sifuri daima. Sifuri ya namna hiyo si ushahidi wa uzima.

Shahidi wa tatu hung'ang'ania ushahidi wake mpaka aambiwe inatosha. Amplifaya ya TAS5707, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni na vifaa vya namna hiyo, ina rejista ya makosa 0x02. Biti ya 7 hupanda pigo kuu linapobadilika kasi, ya 6 ni ya PLL, ya 5 idadi ya mapigo ya biti ndani ya fremu inapobadilika, ya 4 kasi ya fremu inapobadilika, na ya 3 fremu inapoteleza. Maunzi hayazifuti kamwe. Ni lazima programu iandike sifuri, kisha isome tena. Zikirudi juu, kosa linaendelea. Zisiporudi, ulikuwa unasoma historia, pengine ya wakati kifaa kilipokuwa kinawaka na mapigo bado hayajatulia.

Mtu asiyejua anahojiana na shahidi yupi atatoa hukumu ya ovyo. Ataona 0xB0 kwenye amplifaya nzima na kuitupa, au ataona 0x00 kwenye kipokezi kilichopoteza mapigo mara arobaini asubuhi hiyo na kukipitisha.

Kisa kimoja

Mwaka 2024 niliitwa katika kituo kimoja cha afya chenye mfumo wa kuita wagonjwa kwa sauti. Masanduku matano, kila moja na Raspberry Pi, kadi ya PCM5122 na spika. Sanduku la dirisha la dawa lilikuwa linanyamaza karibu kila alasiri. Nambari bado zilitokea kwenye skrini, kwa hiyo aliyeona vizuri na kujua kusoma hakuathirika. Aliyekuwa akitegemea masikio ndiye aliyepitwa, na aliyepitwa alirudi nyuma ya foleni. Wahudumu waliniambia waliokuwa wakipitwa ni wazee hasa, wale wale ambao wamekaa tangu asubuhi na nauli ya kurudi wameifunga kwenye leso.

Aliyeuza mfumo alikuwa amebadilisha kadi ya sauti mara mbili. Mara ya tatu akaleta bei ya sanduku jipya, na sababu aliyoandika ilikuwa kwamba vifaa vimechakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilianza na rejista ya 0 kuhakikisha niko ukurasa wa 0, maana PCM5122 ina kurasa nyingi na namba 94 ya ukurasa mwingine ni kitu kingine kabisa. Nikacheza sauti ya majaribio mfululizo. Hili ni muhimu: kwenye Pi inayotoa mapigo yenyewe, sauti isipochezwa mapigo husimama, na rejista itaonyesha makosa ambayo si makosa. Kisha nikaandika:

i2cget -y -f 1 0x4d 94

Nikairudia mara ishirini kwenye sanduku zima, nikaandika majibu kwenye daftari. Nikafanya hivyo hivyo kwenye sanduku gonjwa. Asubuhi yalifanana. Saa nane mchana, jua likiwa kwenye mabati, sanduku zima halikubadilika. Gonjwa lilionyesha biti ya uhalali wa BCK imepanda mara sita kati ya ishirini, na rejista ya 4 ilionyesha PLL ikipoteza mshiko. Chipu ilikuwa inasema bila kificho: mapigo ya BCK yanatoweka kabla hayajanifikia.

Ukishajua hivyo, hukumu ni nyepesi. Kadi mbili zimebadilishwa na tatizo limebaki, na chipu inasema haipati mapigo. Basi tatizo liko njiani. Kwenye Raspberry Pi, BCK hutoka pini ya 12 na LRCK pini ya 35. Lehemu ya pini ya 12 ilikuwa na ufa mwembamba uliofunguka joto lilipopanda. Ililehemiwa upya kwa risasi kidogo na dakika ishirini za kazi. Sanduku jipya halikununuliwa, na fedha zile zikabaki kituoni.

Sisimulii haya kujisifu. Hakuna ujuzi wa ajabu hapo, ni kusoma nambari na kulinganisha. Ninachouliza ni kwa nini kadi mbili zilibadilishwa kabla ya mtu yeyote kusoma baiti moja.

Biti ile ile, maana mbili

Kuna somo jingine ambalo waandishi wa draiva ya Linux ya HiFiBerry wanalijua vizuri. Kadi nyingi za bei nafuu hazina kristali. Pini ya pigo kuu imeunganishwa na ardhi, na chipu hutumia BCK kulisha PLL yake. Kwenye kadi hizo, biti ya 6 ya rejista 94 itakuwa juu maisha yote, na kadi ni nzima kabisa. Kwenye kadi ya Pro yenye kristali mbili, biti hiyo hiyo ikiwa juu wakati wa kucheza ni ugonjwa.

Draiva hiyo imegeuza jambo hili kuwa kipimo. Huwasha kristali ya ukoo wa 44.1, hungoja kidogo, husoma biti ya 6. Huzima kristali zote, husoma tena. Huwasha ya ukoo wa 48, husoma tena. Kama pigo lilionekana mara mbili kristali ikiwaka na kutoweka zilipozimwa, basi hii ni kadi ya Pro. Huo ndio uchunguzi: unabadilisha kitu kimoja unachokijua, kisha unatazama kama shahidi atabadilisha maneno. Usikariri thamani kutoka mtandaoni. Soma kwenye kifaa kizima cha aina ile ile, iandike, kisha linganisha.

Dhambi ya kuziba mdomo

Sasa nifike panaponiuma. PCM5122 ina rejista ya 37, ambayo kazi yake ni kuiambia chipu ipuuze baadhi ya ukaguzi: kasi ya sampuli, BCK, pigo kuu, kusimama kwa mapigo, kutoweka kwa LRCK na BCK, na mshiko wa PLL. Sita kwa jumla, pamoja na biti moja ya kuzima upangaji wa kujiendesha wa vigawanyaji. Ukiandika 0x7D hapo, umeziba yote sita kwa mkupuo.

Rejista hiyo si haramu. Mtu anayepanga vigawanyaji mwenyewe, kwa mapigo ambayo chipu haiyatambui kwa kujiendesha, anaweza kuwa na sababu halali, na hata draiva rasmi ya Linux huitumia katika hali fulani. Ninachokipinga ni matumizi ya pili: sauti inakatika, mwandishi wa programu anabandika 0x7D, sauti inarudi na kelele kidogo, bosi anafurahi, bidhaa inauzwa. Tatizo halijaondoka, limenyimwa ulimi. Miezi sita baadaye fundi anasoma kasoro bila kupata ishara za kawaida, kwa sababu chipu iliamriwa inyamazie makosa badala ya kuyakataa, na hakuna mstari hata mmoja katika programu unaoeleza kwa nini.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Wanasema mteja anapendelea sauti yenye mikwaruzo kuliko ukimya. Katika tangazo la dharura huenda ni kweli. Lakini basi ziba biti moja unayoihitaji, si sita. Eleza sababu kwenye programu yenyewe. Na kabla ya kuziba, hakikisha kosa limeandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, ili anayekuja baada yako akute alama ya nyayo.

Yasiyosemwa na rejista

Nisije nikaonekana nauza dawa ya magonjwa yote. Kuna mambo ambayo rejista hizi haziyaoni, na asiyejua mipaka yake atadanganyika.

La kwanza ni kasi iliyo halali lakini si sahihi. Rejista ya 91 ya PCM5122 hutambua kasi ya sampuli kwa makundi, na 32,000 hadi 48,000 ni kundi moja. Wimbo wa CD ukichezwa kwa mapigo ya 48,000, utakwenda kasi kwa karibu asilimia 8.8, wimbo wa dakika tatu utaisha kwa sekunde 165, na mwimbaji atasikika kama amevuta hewa ya puto. Chipu haitalalamika. Kwake kila kitu kinakubaliana. Hapo sikio lako na saa ya mkononi vina maana kuliko biti yoyote.

La pili ni mtetemo wa mapigo. Kristali ya Raspberry Pi hadi toleo la 3 ni ya 19.2 MHz. Ukitaka 3.072 MHz moja kwa moja kutoka hapo, unagawanya kwa 6.25, na kigawanyaji hakiwezi kuhesabu robo ya pigo. Huchanganya hatua fupi na ndefu ili wastani utoke sawa. Idadi ya mapigo ni sahihi, nafasi kati yake si sawa. Rejista huhesabu tu, haipimi nafasi hizo. Hapo utahitaji osiloskopu, au angalau kichanganuzi kizuri.

La tatu ni ugomvi wa saa mbili zilizo nzima. Tuseme sauti inatoka kwenye mtandao kwa kasi ya kristali ya mtumaji, nawe unaicheza kwa kristali yako. Zikitofautiana kwa sehemu 50 kwa milioni, kila sekunde kuna sampuli 2.4 za ziada au za pungufu. Kama akiba yako ina nafasi ya fremu 1,024, itajaa au kukauka baada ya dakika saba hivi, na utasikia mlio mmoja mfupi. Kisha dakika saba nyingine, mlio tena. Rejista zote zitakuwa safi. Usafi huo nao ni habari: umeshaiondoa chipu na waya kwenye orodha ya washukiwa, sasa nenda kwenye programu yako ukatazame akiba.

Kwa hiyo anayeniambia osiloskopu ni bora kuliko rejista, namjibu: kwa mambo mengine ndiyo. Lakini osiloskopu inagharimu fedha, inahitaji kifaa kifunguliwe, na haiwezi kukaa kituo cha afya usiku na mchana ikisubiri kosa linalotokea alasiri. Rejista iko ndani tayari. Ulishailipia uliponunua chipu.

Ninachopendekeza

Kwa waandishi wa programu wenzangu: kila kifaa cha sauti unachokitoa kiandike hali ya mapigo kwenye kumbukumbu zake kinapowaka, kinapoanza kucheza, na kinaponyamaza bila kuamriwa. Andika baiti nzima kama ilivyosomwa, pamoja na wakati, si neno kosa tu. Baiti moja kila tukio haitajaza diski ya mtu. Kama rejista ni ya aina ya shahidi wa pili, asome mmoja tu, na wengine waulize kwake.

Kwa mafundi wetu wa Luthuli Avenue na kwingineko: televisheni isiyo na sauti haimaanishi amplifaya imeungua. Kichanganuzi kidogo cha USB kikishikwa kwenye waya mbili za I2C kitakuonyesha mazungumzo kati ya prosesa na amplifaya, na kama prosesa husoma rejista ya makosa, utaona jibu lake. TAS5707 ikipoteza pigo hujinyamazisha na kujikongoja kwa osileta yake ya ndani hadi mapigo yatulie. Ukiibandua na kuweka mpya, hiyo mpya nayo itanyamaza vile vile.

Kwa vyuo: tulifundishwa rejista za prosesa kwa mchoro ubaoni, na mtihani ukaisha. Mpe mwanafunzi kadi ya sauti, umwambie atoe waya moja kati ya tatu, kisha aseme ni ipi kwa kusoma biti tu. Somo hilo litakaa kichwani kuliko michoro kumi.

Na kwa wanaonunua, hasa wanaonunua kwa fedha za umma: wekeni kwenye mkataba kwamba kifaa lazima kiweze kuonyesha rejista zake za hali kwa yeyote mtakayemkabidhi matengenezo, na kwamba anayependekeza kubadilisha kifaa aambatanishe alichokisoma. Sentensi mbili tu. Muuzaji mwaminifu hatapungukiwa kitu. Yule mwingine atalazimika kueleza kwa nini kadi ya tatu itafaulu mahali ambapo mbili zilishindwa.

Mtu akikuambia chipu imekufa, usimbishie. Mwulize tu: ilisema nini kabla ya kufa? Akikosa jibu, basi hajaipima, ameikisia. Na kukisia kwa pesa za mwingine, wakati jibu liko umbali wa amri moja ya i2cget, sioni jina jingine la kukuita isipokuwa uvivu.

Hadi wakati mwingine, someni rejista zenu.